Jemedari Aliyemwamkia Zimwi

Jumatano, 9 Julai

Baridi ya kukata masikio. Nimeshinda kwenye kibanda cha gemu cha Swalehe hapa Msamala, Songea. Si kwa kucheza! Kwa utafiti. Adela, mchumba wangu, alipita akachungulia, akauliza kama nacheza tena. Nikamwambia ni utafiti. Akaondoka bila kuaga.

Matokeo ya utafiti: kwenye gemu hakuna mtu anayeongea kama kwao. Hakuna hata mmoja! Mfalme wa nchi ya barafu anaongea kama askofu wa Ulaya. Askari wa Roma ya kale wanaongea Kiingereza cha watangazaji wa redio. Vibete wachimba dhahabu wana lafudhi yao nyingine kabisa. Swalehe anasema ni ya Uskoti, ameijulia wapi hajui. Jitu lililozaliwa ndani ya volkano linaongea kama mwalimu mkuu. Nikamuuliza Swalehe kwa nini. Akaniambia nimpishe, kuna wateja.

Nimelitafakari mwenyewe na jibu nimelipata. Mtu akisikia lafudhi ya nyumbani anamwona jirani yake. Shujaa lazima atoke mbali. Nani atamfuata vitani mtu anayeongea kama muuza maharage wa mtaa wa Mfaranyaki?

Sababu ya utafiti: Nasrin. Binti wa Tunduru, kasomea kompyuta, kapanga vyumba nyuma ya duka la magodoro na anatengeneza gemu ya simu kwa Kiswahili. Inaitwa Ngome ya Moto. Anatafuta sauti ya shujaa, Jemedari Tufani. Majaribio ni Jumamosi. Hiyo sauti ni yangu, hata kama yeye bado hajui.

Naihitaji kufa na kupona. Mama Walburga, mama yake Adela, amegoma kupanga tarehe ya ndoa mpaka niwe na kazi ya kueleweka. Mshenga wangu alimwambia nafanya shughuli mbalimbali. Akajibu kwamba shughuli mbalimbali si kazi, na kwamba Septemba ikiisha nikiwa bado kwenye shughuli mbalimbali, posa inarudi ilikotoka. Adela analia. Mimi pia nililia, ila kidogo.

Kumweleza mwenyewe siwezi. Kwetu Wangoni mkwe hatazamwi, sembuse kubishana naye. Ukikutana naye njiani unampisha, unapita majanini. Mwezi uliopita nilimpisha mpaka nikatumbukia mtaroni. Naye akapita bila kunitazama, kama inavyotakiwa. Mkwe bora kabisa! Baba mkwe ni nafuu zaidi. Mzee Sixbert yuko shambani Madaba mwaka mzima na haongei. Inasemekana ana sauti nzito ajabu, lakini walioisikia ni wachache.

Alhamisi, 10 Julai

Mpango umekamilika. Jemedari Tufani ataongea lafudhi ya Unguja.

Mwalimu wangu ni Swalehe, kwa kuwa siku zote anajisifu kuwa aliishi Unguja. Nilipombana akakiri kwamba aliishi majuma mawili kwa shemeji yake, na muda mwingi alikuwa kitandani na malaria. Inatosha. Masomo: kuvuta maneno, kutokuwa na haraka, na kusema "yakhe" kila panapokuwa na nafasi. Nafasi ni nyingi mno.

Jaribio la kwanza, sokoni. Mama wa nyanya akaniuliza kama jino limeoza. Jaribio la pili, nikampigia Adela kwa namba ya Swalehe. Hakunijua! Akasema nimekosea namba, akakata. Ushindi mtupu.

Kikwazo: Rupert. Mshereheshaji wa harusi na vipaimara, ana kifua kama pipa, na yeye pia anautaka ujemedari. Mbaya zaidi ni Mhehe, yaani mtani wangu. Mtani hakasirikiwi. Jana alinivua kofia mbele ya watu, akaivaa, akatangaza kwamba ni fidia ya vita vya babu zetu. Ikabidi nicheke. Kofia anayo mpaka sasa, na baridi hii!

Jumamosi, 12 Julai

NIMEPATA! Mimi ni Jemedari!

Haikuwa rahisi. Nilimwambia Nasrin nimekulia Unguja. Akauliza mtaa gani. Nikasema karibu na bahari. Akasema kile ni kisiwa. Nikasema ndiyo, yakhe, hapo hapo. Akanitazama sana. Kumbe kasoma Unguja miaka kadhaa! Mtu unafichaje jambo kama hilo?

Nikajua nimekwisha. Lakini Nasrin akacheka mpaka akakaa chini. Akasema lafudhi yangu haipo popote duniani, na gemu yenyewe inatokea kwenye sayari ya moto, ambayo nayo haipo. Akanieleza kwamba watengeneza gemu hawajui mfalme wa barafu aliongeaje, kwa hiyo wanachukua sauti yoyote inayosikika kama imetoka mbali. Mara nyingine, alisema, wanachukua tu sauti ya aliyekuwepo siku hiyo. Hilo la mwisho nililipuuza. Mimi nilichaguliwa kwa kipaji.

Doa moja tu. Rupert kapewa Zimwi Mkuu. Alinguruma mara moja, na mteja aliyekuwa dukani akaangusha godoro. Nasrin akapiga makofi. Mimi sikupigiwa makofi. Rupert akatangaza kwamba zimwi la Kihehe litamla jemedari wa Kingoni kwa mboga ya maboga. Ikabidi nicheke tena. Mashavu yanauma.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nilimtuma mshenga apeleke habari. Akafika kwa Mama Walburga akasema kijana sasa ni jemedari. Mama akauliza wa jeshi lipi. Mshenga hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akasema la moto. Mama akauliza kama ni zimamoto. Mshenga, kwa kuogopa, akakubali.

Adela ndiye aliyekwenda kunyoosha mambo. Alimweleza mama yake kwamba kazi yangu ni kuongea ndani ya simu. Haikusaidia. Mama Walburga kasema hata yeye anaongea kwenye simu, hajawahi kuiita kazi, na kwamba atakuja kujionea mwenyewe.

Maneno tu. Mkwe haji kazini kwa mkwewe. Mila haziruhusu.

Jumanne, 15 Julai

Nimerekodi ngazi za mwanzo peke yangu. Nilikuwa wa moto! "Songeni mbele, yakhe! Ngome ile pale, yakhe!" Nasrin akasema yakhe zimetosha. Nikapunguza.

Kisha akaja Rupert kufanya mazoezi na furaha ikaisha. Kila aliyepita dukani alisimama kumsikiliza. Nasrin akasema pengine gemu ibadilishwe jina, iitwe Zimwi Mkuu. Nikauliza na jemedari je? Akasema jemedari atakuwepo. Atakuwepo! Kama kiti!

Siwezi kwenda kwa Mama Walburga na kazi ya kuwepo. Lazima Rupert aondoke. Pambano la mwisho linarekodiwa Alhamisi, jemedari na zimwi pamoja, uso kwa uso, Nasrin anataka hasira ya kweli. Nimemwandikia Rupert ujumbe kwamba imesogezwa mpaka Ijumaa. Akajibu sawa, mtani, Alhamisi ana kipaimara Mbinga, afadhali.

Ni utani tu. Na yeye aonje. Alhamisi zimwi lisipotokea nitajitolea kufanya sauti zote mbili. Nimeshafanya mazoezi ya kunguruma. Jirani alikuja kuuliza kama nimekabwa na samaki.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika nimejifungia ndani. Si kwa baridi.

Nilifika mapema, skafu shingoni kulinda lafudhi. Chumba cha kurekodia ni stoo ya duka. Magodoro yamesimamishwa kutani pande zote kuzuia kelele za bodaboda, maikrofoni ni moja katikati, na nafasi iliyobaki inatosha watu wawili waliozoeana. Tukamsubiri Rupert. Simu yake haipatikani. Nikasikitika kwa sauti. Nikasema basi, kwa kusaidia tu, zimwi nalo nitalifanya mimi. Nasrin akaanza kukubali. Naapa, alikuwa anakubali!

Ndipo nje ikasikika sauti ikiuliza kama hapa ndipo watu wazima wanaposhinda wakipiga kelele na simu. Magodoro hayakufua dafu. Sauti ilipita katikati yake kama hayapo. Ni sauti ambayo waliochelewa misa ya kwanza huisikia wakiwa bado barabarani.

Mama Walburga.

Nasrin akasimama. Akasema huyo, huyo ndiye zimwi lake. Nikatafuta mlango. Mlango ni mmoja, na Mama Walburga alikuwa ndani yake. Nikageukia godoro nikabaki nimeliangalia. Nyuma yangu Nasrin akampa shikamoo, akamweleza kazi, akamsomea maneno. Nikaomba moyoni akatae. Mama aliuliza jambo moja tu: je, hili zimwi linashinda? Nasrin akasema linashinda karibu mpaka mwisho. Nikasikia koti linavuliwa.

Mila alizifuata, siwezi kumlaumu. Alijitanda kanga kichwani, akanipa mgongo. Nami nikampa mgongo. Tukasimama hivyo, kila mtu na godoro lake, maikrofoni ikining'inia katikati juu ya vichwa vyetu. Halafu akaanza: "Nani huyo anayethubutu kukanyaga ngome yangu?"

Taa ilitikisika. Zamu yangu. Maneno yangu nayajua kwa moyo: "Ni mimi, Jemedari Tufani! Toka mbele yangu, zimwi zee lisilo haya, leo nakukata kichwa!"

Nikafungua kinywa. Likatoka neno moja.

"Shikamoo."

Magoti yalijikunja yenyewe. Nasrin akasema turudie. Tukarudia. Safari hii nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Nikasema: "Ni mimi, mama, Jemedari. Samahanini kwa usumbufu. Naomba, kama hamtajali, nipite pembeni kidogo. Hilo la kichwa tutalizungumza siku nyingine."

Na Unguja? Unguja ilikuwa imeshaondoka. Iliyotoka ni lafudhi ya kijijini kwa bibi yangu, ile ya kutumwa kupeleka togwa kwa wageni. Sikujua hata kama bado ninayo. Nikamuuliza Nasrin kwa kunong'ona kama naweza kumtukana zimwi kupitia kwa mshenga. Akasema kwenye gemu hakuna mshenga. Akaniambia nikaze moyo. Nikakaza. Nikasema: "Wee zimwi." Jasho likanitoka mpaka ndani ya viatu. Nikaongeza haraka: "Za nyumbani?"

Mama Walburga naye akayaacha maneno ya Nasrin na kuleta yake. Sikutegemea. Miezi yote hii mila zilimzuia kuniuliza, na sasa aliyekuwa anauliza ni zimwi. "Jemedari! Kazi yako ni ipi? Inaeleweka? Shamba unalo? Hata kuku unaye? Unataka kuingia kwenye ngome yangu, utamlisha nini binti aliyeko humu?" Kwenye ngome ya Nasrin hakukuwa na binti yeyote! Nikajibu kwamba ninafanya shughuli mbalimbali. Zimwi likacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile na sitaki kukisikia tena.

Yote yamerekodiwa.

Ijumaa, 18 Julai

Adela hapokei simu. Mshenga ameitwa kwa Mama Walburga, akaenda na mwavuli, na hakuna mvua. Basi ndiyo hivyo. Posa inarudi. Nimempenda Adela tangu alipokuwa anasukuma baiskeli mbovu kupanda kilima cha Bombambili na kukataa msaada wangu. Nitamkosa mpaka kufa.

Nimekwenda kwa Nasrin kumwomba afute kila kitu turudie na lafudhi yangu ya kitaalamu. Amekataa. Anasema ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kurekodi. Nikasubiri atoke nijifutie mwenyewe. Alipotoka nikabonyeza kitu. Muziki wa vita ukalia kwa sauti kubwa mpaka mwenye duka akaja kuuzima.

Kisha Rupert akafika, kwa sababu kwake leo ndiyo siku ya kurekodi. Nikajua nitapigwa. Akasikiliza rekodi ya jana. Akacheka. Akaendelea kucheka, akashika ukuta, akateleza na godoro mpaka chini. Nasrin akawasha maikrofoni. Kicheko chake sasa ndicho kicheko cha jeshi zima la mazimwi. Kwa hiyo na yeye yumo kwenye gemu! Nimemtoa mlangoni, karudi kwa dirisha, na bado ana kofia yangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Gemu imetoka. Songea nzima wanayo. Kibanda cha Swalehe kimefurika, na kutoka kila simu inasikika sauti ya mama mkwe wangu akiuliza kama nina kuku.

Watu wanaandika maoni kutoka mbali. Mmoja wa Mwanza anauliza kwa nini Jemedari Tufani ngazi ya kwanza ni Mzanzibari, ngazi ya tisa ni mtu wa Songea. Mwingine anamjibu kwamba hata huo Uzanzibari haueleweki. Wa tatu anasema jemedari anasikika kama kijana aliyekwenda kuposa. Kisha akaja mmoja na maelezo marefu sana: kwamba mtu akiwa na raha anaongea lafudhi yoyote anayoitaka, akiogopa anaongea ya kwao, na kwamba aliyebuni jambo hili ana akili kubwa. Nikayasoma mara nyingi. Nikajibu chini yake kwamba ni kweli, nilikusudia.

Na Nasrin kaongeza mshenga! Kizee kidogo chenye mwavuli. Ukifika kwa Zimwi Mkuu unampa matusi yako, anakwenda nayo polepole, anayafikisha kwa adabu, anarudi na majibu. Ndiyo silaha inayopendwa kuliko upanga. Mshenga wangu wa kweli kaiona na anadai ni yeye.

Septemba inakwenda. Siku ile mshenga aliambiwa tu asubiri, na tangu hapo kwa Mama Walburga ni kimya.

Jumapili, 7 Septemba

Mshenga kaja baada ya misa. Kakaa. Kaomba maji. Kanywa yote. Nilitaka kumtikisa.

Mama Walburga amesema hivi. Kwamba alikuja siku ile kutafuta sababu ya kurudisha posa, na sababu alizikuta nyingi. Lakini mtu aliyepewa upanga, akapewa maikrofoni, akaamrishwa kumtukana yeye, na bado akashindwa kumpandishia sauti, huyo hatampandishia sauti binti yake Adela. Ameweka tarehe. Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio. Kuhusu kazi amesema suala bado liko palepale, na zimwi litaendelea kuuliza.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Safari hii si kidogo. Adela alinikuta huko, akanishika mkono. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimejifunza kwamba sihitaji kujifanya mtu wa mbali.

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 10 Septemba

Habari kubwa! Nasrin anatengeneza gemu ya pili. Shujaa ni nahodha wa chombo cha angani. Na nimegundua kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa nini: Unguja si mbali vya kutosha. Nahodha ataongea lafudhi ya Kigoma! Swalehe amewahi kulala stendi ya Kigoma usiku mzima akisubiri basi. Masomo yameanza leo. Nimemwambia Nasrin nimekulia huko. Amenitazama tu.

Pambano la mwisho litarekodiwa Alhamisi ijayo. Safari hii sirudii uzembe. Mama Walburga nimemtumia ujumbe kupitia kwa mshenga kwamba ni Ijumaa. Rupert nimemwambia Ijumaa pia. Njia nyeupe! Nitamtukana adui mpaka maikrofoni iyeyuke.

Adui mwenyewe simjui, hivyo hakuna cha kunitisha. Nasrin anasema kampata mzee mmoja mkulima, mkimya sana, lakini akifungua kinywa vioo vya dirisha vinaitikia. Anashuka na basi la Madaba.

Adela naye kapiga simu kusema baba yake anakuja mjini Alhamisi ijayo, kuna shughuli kaitiwa, hajasema ni ipi. Vizuri. Ijumaa nitakwenda kumsabahi, nikiwa nimemaliza kazi.